Mlango wa Kizimba cha Garrow

4 Oktoba

Timu yetu ya hoki ya barafuni imeletewa mbabe mpya, yule wa kuwapigania wenzake. Anaitwa Lorne Kuzyk, katokea Saskatchewan, ana miaka thelathini na sita, na pua yake imevunjwa mara nyingi mpaka yenyewe haijui ielekee wapi. Leo ndiyo mechi ya kwanza ya msimu na barafu haijakwaruzwa vizuri, tayari keshavua glavu apigane.

Mimi ndiye ninayefungua na kufunga mlango wa kizimba cha adhabu, upande wetu wa nyumbani. Ni kazi ya kujitolea. Anayepigana anafungiwa dakika tano, na dakika tano hizo anakaa na mimi, magoti yetu yakigusana. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mpishi wa shule, nikiamulia watoto kwa mwiko. Nilipostaafu nilidhani nimeachana na watu wanaovutana nguo. Kumbe wapi!

Kuzyk aliingia akihema, akaketi, akasema, "Habari za jioni, mama. Samahani kwa hii damu."

"Taulo iko kwenye ndoo," nikamwambia. "Na usiidondoshe kwenye benchi langu."

Mzee Nault, anayeshika saa katikati ya kizimba chetu na kile cha wageni, alicheka mpaka meno yake ya bandia yakacheza. Mimi sikucheka. Sipendi ugomvi, na mtu mzima anayelipwa kwa ugomvi ndiyo simpendi kabisa.

11 Oktoba

Mvua ya theluji. Kuzyk kapigana tena, kashinda tena. Nimefua taulo mbili.

19 Oktoba

Leo kidogo nimebadilika, na naona haya kuandika.

Tunaye mchezaji mmoja mdogo wa umbo, Harjit Dosanjh, kijana wa British Columbia, ndiye anayetufungia mabao. Bila yeye hatuna timu. Leo beki mmoja wa wageni alimgonga kwa nyuma, uso ukagonga ubao wa ukingoni, uwanja mzima ukasema "uuuh". Nilimtazama Kuzyk nikitegemea aruke kama mbwa aliyekata mnyororo. Hakuruka. Alisubiri zamu yake, akateleza polepole hadi kwa yule beki, akamgonga ugoko kwa gongo lake, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Akamuuliza kitu. Yule beki akakubali kwa kichwa. Wakatupa glavu, wakavua helmeti zao wenyewe, kila mtu ya kwake, wakaziweka chini. Ndipo wakaanza.

Beki aliteleza akaanguka. Ngumi ya Kuzyk ilikuwa tayari iko juu. Akaiacha hapohapo hewani, halafu akaishusha, akamsaidia mwenzake kuinuka.

Kizimbani nikashindwa kujizuia. "Mbona hukummalizia?"

"Yuko chini, mama. Wewe jikoni kwako ulikuwa unampiga mtoto aliyelala chini?"

"Nilikuwa simpigi mtoto yeyote."

"Basi mimi na wewe tumefundwa nyumba moja."

Mdomo wake ulikuwa umepasuka lakini alitabasamu. Harjit alipopita mbele ya kioo aligonga kwa gongo mara moja. Kuzyk hata hakumtazama, alikuwa akitafuta jino lake kwa ulimi.

2 Novemba

Baridi imeingia rasmi. Nimechomeka waya wa gari ukutani ili injini isigande.

16 Novemba

Timu ya Chauvigny imekuja, na imekuja na mbabe wao, Réjean Bolduc.

Bolduc ni mnene kama mlango wa chumba cha barafu. Kwao anaendesha greda la kusukuma theluji. Kila akija Garrow hufika kabla ya wenzake wote, anasimama koridoni kwenye kibanda cha soseji cha Huguette, anakunywa kahawa peke yake. Mkono wake wa kulia unaogopwa ligi nzima. Mwaka jana alivunja taya la mtu kwa pigo moja.

Yeye na Lorne (sasa namwita Lorne, uzee umenilegeza) walibishiana hodi mara tu kipindi cha pili kilipoanza. Jamani! Niliona pambano nisilowahi kuliona. Wameshikana jezi kwa kushoto, wanarushiana kwa kulia, mmoja akipiga mwingine anapokea, bila kukimbia, bila kucha, bila tusi. Marefa wasaidizi walisimama pembeni wamekunja mikono mpaka wale wawili wenyewe wakachoka na kukumbatiana. Watu walisimama. Na mimi nilisimama, Mungu anisamehe.

Wakaingizwa vizimbani, huyu kwangu, yule upande wa pili, Mzee Nault katikati. Sasa sikiliza walivyozungumza wakipitisha maneno juu ya kichwa cha mzee.

"Bolduc! Mgongo vipi?"

"Ah, unaniua. Nimebadilisha kiti cha greda, wapi. Na wewe, mkeo hajambo?"

"Daria? Hajambo, anakusalimu. Amesema usinipige puani, haitengenezeki tena."

"Mwambie nimepiga sikio tu leo."

Mzee Nault, ambaye hasikii vizuri, aliniuliza wanagombania nini tena. Nikamwambia wanaulizana hali za nyumbani. Hakuniamini.

30 Novemba

Tumefungwa. Supu ya njegere imeungua.

24 Desemba

Nilimwalika Lorne kwa pai ya nyama, maana mabasi ya Saskatchewan si ya kwenda na kurudi kwa sikukuu ya siku mbili. Alikula vipande vitatu, akaosha vyombo vyote bila kuombwa, na vidole vyake vile vilivyopinda kama mizizi ya tangawizi vilishika glasi za marehemu mume wangu bila kuvunja hata moja.

Nikamuuliza, ukishaacha haya utafanya nini? Akasema ndugu yake Orest ana malori ya kubeba ngano. Masika hii anaingia ubia naye. Daria ameshapaka rangi nyumba yao. "Mimi napenda kuendesha, mama. Barabara imenyooka, huoni mtu wa kumpiga wala wa kukupiga. Huu msimu ndio wa mwisho. Nikiumaliza mzima, basi nimeshinda yote."

Nikamwambia atumalizie mzima kweli, maana sina nguvu ya kuzoea mbabe mwingine. Alicheka. Mimi sikuwa natania.

14 Januari

Digrii arobaini chini ya sifuri. Hata hivyo uwanja ulijaa, kwa sababu ni Chauvigny.

Lorne na Bolduc walikuwa ndio kwanza wameshikana, Bolduc akakanyaga glavu yake mwenyewe iliyokuwa chini, akaenda chini mzima mzima kama gunia. Lorne alisimamisha ngumi yake palepale. Lakini watu wetu hawajui aibu: walishangilia kana kwamba Lorne kamwangusha, wakaimba "Bolduc kalala! Bolduc kalala!" mpaka vioo vikatetemeka. Gazeti kesho litaandika Kuzyk kashinda, na litakuwa limedanganya.

Kizimbani Bolduc alikuwa mwekundu kwa fedheha. Akasema chini chini, "Lorne. Hii haihesabiki."

"Najua haihesabiki."

"Nataka yangu."

"Utaipata. Mechi ya mwisho ya msimu, hapahapa, mbele ya hawa hawa. Nitakuja mwenyewe nikugonge ugoko."

Hawakupeana mikono, kuna Mzee Nault katikati. Ila nimekaa na wababe miaka ya kutosha kujua kwamba neno hilo halirudi nyuma. Mbabe akiahidi pambano halafu asitokee, hata mtoto anayeuza soseji atamcheka.

28 Januari

Theluji, theluji, theluji. Nimechimba gari.

8 Februari

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Timu ya wageni wa leo imeajiri kijana anayetafuta jina, Travis Oake. Akamwendea Harjit kwa kiwiko. Lorne akambishia hodi, kijana akakubali kwa kichwa, Lorne akainama kidogo kuvua helmeti yake kama kawaida. Na wakati huohuo, mikono ya Lorne ikiwa juu ya kichwa chake mwenyewe, mshenzi yule akampiga. Jicho la kushoto. Ngumi kavu.

Uwanja ulinyamaza. Hata benchi la kwao lilinyamaza. Hakuna afanyaye hivyo, hakuna! Lorne alipiga goti moja, akainuka, akamshika kijana jezi, akamvuta uso kwa uso. Nilidhani anamuua. Alimwambia tu kitu, akamwachia, akaja kwangu mwenyewe huku jicho limefumba.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza nikimpa barafu.

"Nimemwambia akifanya hivyo tena hatapata mtu wa kupigana naye ligi nzima, atabaki kupigana na kivuli."

"Ungemtwanga!"

"Nilikuwa naona Travis wawili, mama. Ningempiga yule ambaye hayupo."

Alitania hivyo, lakini barafu hakuitoa jichoni.

20 Februari

Lorne hajacheza. Wanasema mafua. Mafua gani hayo yanampeleka mtu Sudbury hospitali?

2 Machi

Lorne karudi uwanjani. Leo hakupigana, alimzuia mtu kwa gongo tu, adhabu ya dakika mbili. Akaingia, akaketi. Mimi hukaa kushoto kwake, ndiko mlango uliko. Nikamnyooshea chupa ya maji kama siku zote. Hakuipokea. Nikaisogeza karibu na shavu lake. Hakuipokea. Nikaiachia, ikadondoka kwenye paja lake, akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

"Lorne. Hujaiona chupa."

Aliipangusa chupa kwa jezi.

"Nimelisha watoto wa mji huu wote. Mtoto asiyeona ubao namjua kwa anavyoshika sahani. Jicho lako lina nini?"

Akaangalia mbele, barafuni. "Kitambaa cha ndani ya jicho kilichanika, mama. Wamekishona kwa mwanga. Daktari anasema nuru ya upande itarudi polepole, mradi lisiguswe. Likipigwa tena, basi, limekwenda."

"Na malori?"

"Chongo hapewi leseni ya lori."

Alilisema hilo polepole sana. Nikamwambia basi akae nje, amwambie kocha, msimu umebaki mechi chache. Akasema akikaa nje Harjit wanamvunja kabla ya Pasaka. Mechi hizi ndogo anaweza kujichunga, watu wakimwona tu wanaacha upuuzi. Nikamwambia: na Bolduc?

"Bolduc nilimuahidi."

"Mwambie unaumwa! Si ndiyo desturi yenu? Mwenye mkono mbovu anasema mkono mbovu, mwenzake anamwacha. Nimeyasikia hapa mara ngapi!"

"Wanasema wale ambao hawajaahidi. Yule mtu amezomewa karibu miezi miwili kwa kitu ambacho hakikutokea, mama. Barabarani kwao watoto wanamwimbia. Mimi ndiye pekee ninayeweza kumfutia." Akanigeukia ili anione vizuri kwa jicho la kulia. "Usimwambie kocha. Wala Harjit. Niahidi. Hakuna mtu wa Garrow atakayejua."

Nikaahidi. Saa ikaisha, nikamfungulia mlango. Bolduc anapiga kwa kulia. Ngumi ya kulia ya mtu aliyesimama mbele yako inatua jicho lako la kushoto. Huhitaji kusoma sana kulijua hilo.

9 Machi

Sijapika. Nimekula mkate na siagi.

15 Machi

Theluji inayeyuka, mitaro inanguruma. Lorne kanikuta dukani, kaniuliza kama mafuta ya taa bado yapo. Nilimtazama yale macho mawili, nikajifanya nina haraka. Ni mjinga. Ni mjinga, na sijapata kumheshimu mwanamume hivi tangu mume wangu Aurèle afariki.

21 Machi

Leo ilikuwa mechi ya mwisho. Niandike yote, nisiache kitu.

Nilifika uwanjani mapema kuliko Huguette wa soseji. Bolduc akaja na kikombe chake, akasimama mahali pake. Nikamwendea. Yeye na mimi tunazungumza Kifaransa kile kile cha nyumbani, kwa hiyo sikuzunguka.

"Wewe ni Réjean, mtoto wa nani kule Chauvigny?"

"Wa Fernande Bolduc, mama. Umemjua?"

"Simjui, lakini amekulea vizuri, nimekusikia unavyoongea kizimbani. Sikiliza. Jicho la kushoto la Lorne limeshonwa. Likiguswa limekufa. Hatakwambia."

Kahawa ilikuwa inatoa mvuke mbele ya uso wake na hakuinywa. Halafu akaminya kikombe mpaka ikammwagikia vidole.

"Umekosea kuniambia, mama."

"Nimekosea?"

"Nikimpiga nikijua, mimi ni mnyama. Nikikataa, nimemdhalilisha mbele ya watu wake, yeye aliyekuja kunipa heshima yangu. Nilikuwa mtu huru dakika moja iliyopita!" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Na akijua kwamba najua, hatanisamehe. Wala wewe."

Akaondoka. Nikakaa kwenye kreti ya soda. Nilikuwa nimempa adui wa Lorne kitu pekee cha kummaliza nacho, nikitegemea tu namna anavyomuulizia mkewe hali. Huguette alipofika akanipa maji.

Vipindi viwili hakikutokea kitu. Watu wakaanza kunong'ona. Kipindi cha tatu, Lorne akaingia barafuni, akateleza polepole hadi kwa Bolduc, akamgonga ugoko.

Bolduc alisimama muda mrefu. Alitazama paa. Ndipo akakubali kwa kichwa.

Glavu chini. Helmeti chini. Nilitaka kufumba macho, nikashindwa. Wakazungukana. Na Bolduc, badala ya kushika jezi kwa kushoto kama alivyofanya maisha yake yote, akashika kwa kulia. Mkono ule unaoogopwa ligi nzima ukaenda ukakamata jezi ya Lorne kifuani, ukafungwa hapo kama umefungwa kwa waya, na haukuachia tena mpaka mwisho. Akaanza kupiga kwa kushoto.

Jamani, alivyokuwa anapiga! Kama mtu anayepaka ukuta rangi kwa mkono usio wake. Mbavu, bega, shavu la kulia, sikio la kulia. Nyingine zilipita hewani. Lorne naye alipiga kwelikweli, maana alikuja kutimiza ahadi, na ngumi zake zilitua. Nyusi ya Bolduc ikapasuka. Angeuachia mkono wa kulia mara moja tu angejinasua. Hakuuachia. Mwisho goti lake likagusa barafu, na mara hii hakukuwa na glavu ya kusingizia.

Lorne akaacha. Alikuwa anamtazama Bolduc kwa mshangao mtupu.

Waliosafiri kutoka Chauvigny walizomea hadi sauti zikawakauka. "Bolduc, rudi kwenye greda lako!" "Bibi yangu anapiga kuliko wewe!" Mtu akarusha soseji, ikagonga kioo cha kizimba chake ikateleza chini. Bolduc alikaa ameinamisha kichwa, mkono wa kushoto ameuweka kwenye ndoo ya barafu, damu inamtiririka kidevuni. Alikuja kufutiwa aibu, akaondoka na aibu mara mbili.

Lorne hakuniomba taulo.

"Bolduc hajawahi kurusha kushoto tangu azaliwe," akasema.

"Watu hujifunza mambo mapya."

"Mama Odile."

"Nini?"

"Uliniahidi."

"Niliahidi mtu wa Garrow hatajua. Yule ni mtu wa Chauvigny."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilistahili. Aligeuza kichwa chote, kwa sababu upande ule haoni, akamtazama Bolduc juu ya upara wa Mzee Nault. Bolduc hakumtazama. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Nisalimie Daria."

Lorne akasimama. Akachukua gongo lake, akaanza kuligonga kwenye ubao wa kizimba. Polepole. Ndivyo wachezaji wanavyomheshimu mtu, kwa magongo, si kwa makofi, na hufanyiwa wa kwenu, si wa wageni. Akagonga, akagonga. Harjit akasikia, akaanza naye kugonga ubao wa benchi letu, bila kujua sababu, kwa vile tu Lorne anagonga. Kisha benchi zima. Kisha, baada ya kitambo, benchi la Chauvigny. Watu wa majukwaani walinyamaza mmoja mmoja, maana hakuna aliyeelewa, na kuzomea kitu usichokielewa ni kazi ngumu.

Mimi ni mtu wa kizimbani, sitakiwi kuwa na upande. Nilipiga ndoo yangu kwa mkono wazi mpaka kiganja kikaniwaka.

Bolduc aliinua kichwa mara moja tu, akakiinamisha tena. Ila nilimwona.

Baadaye koridoni alinipita begi begani. Nikafungua mdomo nimshukuru, akaniwahi.

"Mama, huu mkono wa kushoto unauma vibaya. Sikujua unauma hivi. Maskini watu wa mkono wa kushoto."

Akaenda zake kupanda basi lao.

22 Machi

Nimelala mchana kutwa.

6 Aprili

Lorne alirudi kwao wiki iliyopita na mimi nikadhani basi, ndiyo tumeachana.

Leo asubuhi honi ilipigwa nje mpaka jirani akachungulia. Lori! Lori la Orest, limetumwa Garrow kuchukua spea za mashine. Orest alikuwa kwenye usukani. Lorne alishuka upande wa abiria, kanyoa ndevu, kavaa kofia ya kampuni yao, na pua ileile.

"Bado hawajanipa leseni," akasema. "Wananipima tena Mei. Daktari ananiambia nisiwe na haraka."

"Na wewe una haraka."

"Kidogo."

Tulikaa kwenye ngazi za mbele, jua likiyeyusha theluji ya mwisho. Akanieleza kwamba alimpigia Bolduc simu. Waliongea kuhusu kiti cha greda tu, nusu saa nzima. Jicho hawakulitaja.

Niliingia ndani nikammiminia kahawa. Nilipotoka alikuwa anaangalia barabara, anamweleza ndugu yake, aliyeketi kulia kwake, habari za kona ya pale darajani. Nikaketi kushoto kwake, palepale ninapokaa siku zote, upande wa lile jicho, nikakinyoosha kikombe bila kusema neno.

Aliendelea kuongea na Orest, akanyoosha mkono, akakipokea bila kugeuza kichwa.